Kutoka Kegati hadi Gazi: Uanagenzi wa Sayansi ya Bahari na Maneno Yanayoachwa Ufuoni

Maji ya mvua inayonyesha Nyamira hayaendi Bahari ya Hindi. Mto Gucha, ambao wakazi wa bondeni huuita Kuja, huyakusanya kutoka vilima vya Gusii na kuyamwaga katika Ziwa Viktoria. Kutoka huko huingia Naili na hatimaye Bahari ya Mediterania. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa Nyamira au Kisii, basi, bahari inayoosha fuo za Kenya si mwisho wa mto wa kwao. Ni mahali pa kufungia safari ya takriban kilomita 800 kupitia Nairobi, na aghalabu safari hiyo huifunga mara ya kwanza kwa sababu ya karatasi moja tu: barua ya kukubaliwa kufanya mafunzo ya nyanjani katika taasisi ya utafiti wa bahari.

Makala haya yanaeleza mafunzo hayo yalivyo kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza atokaye nyanda za juu za Gusii. Aidha, yanadai kwamba kifaa kimojawapo cha utafiti huo, yaani lugha ya wavuvi na wakazi wa fuo, hakitiwi mkobani pamoja na vifaa vingine, ilhali chuoni anakotoka mwanafunzi huyo kuna idara ya Kiswahili yenye wasomi ambao kazi yao ni lugha hiyo hiyo.

Neno na msimu wake

Katika mazungumzo ya kila siku vyuoni nchini Kenya, mafunzo haya huitwa "atachimenti". Magazeti ya Kiswahili nayo yamezoea kuandika juu ya madaktari watarajali na walimu wanagenzi. Hapa litatumika neno uanagenzi, kwa kuwa limebeba dhana ya mtu anayejifunza kazi kando ya fundi huku mikono yake ikichafuka. Utarajali unaelekea zaidi kwa mtu aliyekwisha kufuzu, anayengoja kuthibitishwa.

Tatizo kubwa zaidi la istilahi limo katika msimu. Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Marekani, ambako Wakfu wa Taifa wa Sayansi umekuwa ukigharamia, tangu mwaka 1987, mpango wa kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza tajiriba ya utafiti. Wanafunzi hao hukaa katika maabara, aghalabu kwa wiki kama 10, wakilipwa posho. Na vituo vya bahari ni miongoni mwa vinavyowapokea. Wiki hizo huwa kati ya Juni na Agosti, na mfasiri mwenye haraka huziita "likizo ya kiangazi". Kwa msomaji wa Mombasa, fasiri hiyo inaupindua mwaka. Kiangazi chake ni cha Januari na Februari, majira ya kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Juni hadi Agosti kwake ni kipupwe: pepo za kusi zinavuma, mawimbi yanapanda, na vyombo vidogo haviendi mbali na mwamba.

Suala hili si la mfasiri peke yake. Likizo ndefu ya vyuo vya Kenya nayo imezoeleka kuangukia kati ya Mei na Agosti, na kwa hiyo mwanagenzi wa kawaida huiona bahari katika kusi tu. Anayehesabu samaki wanaoletwa ufuoni mwezi Julai anahesabu mavuno ya wavuvi waliozuiwa na upepo kufika walikotaka kwenda. Akiandika katika ripoti yake kuwa samaki ni wachache bila kutaja kusi, ameandika nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa maelezo. Mvuvi yeyote angemwambia kwa neno moja, mradi mwanagenzi awe analijua neno lenyewe na ajue kuwa halina maana ya upande wa dira pekee.

Kegati

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitarajii ni kwamba mlango mmojawapo wa taasisi ya bahari uko karibu na mji wa Kisii. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, maarufu kwa kifupi chake KMFRI, iliundwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyokuwa na shirika la pamoja la utafiti wa uvuvi wa baharini lenye makao yake Unguja. Upande wa Zanzibar, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari mwaka 1978. Makao makuu ya KMFRI yako Mombasa, lakini wajibu wake ni maji yote ya nchi, ya chumvi na matamu. Ndiyo maana ina vituo Kisumu, Turkana, Sagana, na pia Kegati.

Kegati ni kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki. Hakuna chumvi wala bamvua hapo. Kuna mabwawa, na wenyeji wa mabwawa ni ngege na kambare. Umuhimu wa kituo cha namna hii katika Kisii na Nyamira uliongezeka baada ya mwaka 2009, serikali ilipoanzisha Mpango wa Kuchochea Uchumi na kugharamia uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 nchini. Wakulima waliozoea chai, ndizi na mahindi walijikuta na mifugo isiyolia. Maswali yao yalihitaji watu wa kuyajibu: vifaranga vitoke wapi, chakula kitengenezwe kwa nini, mbona samaki wanaelea asubuhi.

Swali hilo la mwisho linafaa kueleza uanagenzi ni kazi ya aina gani. Mwanagenzi wa mabwawa huamka alfajiri kwa sababu ya kikemia. Usiku, mimea na vijimea vya majini havitoi oksijeni bali huitumia, na kwa hiyo kiwango chake huwa cha chini kabisa jua linapokaribia kuchomoza. Anayepima saa nne asubuhi ataandika kuwa bwawa lina afya, kumbe saa kumi na moja alfajiri lilikuwa likiwakaba samaki. Hilo vitabu husema. Lakini kulisoma ni jambo moja, na kusimama kwenye baridi ya Gusii, kipima oksijeni mkononi, ni jambo jingine. Baadaye huja upimaji wa urefu kwa milimita na uzito kwa gramu, samaki mmoja baada ya mwingine, na kuandika kwa penseli kwa kuwa wino hukimbia karatasi ikilowa.

Ujuzi huo husafiri. Pwani kuna mabwawa yanayochimbwa nyuma ya mikoko na kufugiwa mwatiko, samaki astahimiliye chumvi. Ubao wa kupimia ni ule ule. Hata neno husafiri, na hapa msomaji wa isimu aruhusiwe kutua kidogo. Ekegusii humwita samaki enswe. Kiswahili sanifu kinatumia samaki, neno lililotoka Kiarabu, lakini lahaja za kaskazini, Kiamu kikiwemo, zimehifadhi nswi. Maneno hayo mawili yana asili moja ya Kibantu. Vilevile, enyancha, neno ambalo Omogusii hulitumia kwa ziwa na kwa bahari, ni ndugu wa nyanza. Mwanagenzi atokaye Nyamira haendi Pwani mikono mitupu kama anavyodhani.

Karatasi na nauli

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994 na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013, kina idara inayochanganya mazingira, maliasili na sayansi za majini. Mwanafunzi wa masomo hayo huhitaji barua ya kitivo, bima ya ajali na daftari la kumbukumbu za kila siku ambalo msimamizi wa kituo hulitia sahihi. Mhadhiri wake humtembelea kumtathmini. Utaratibu huu hauna siri.

Kisichoandikwa katika barua ni gharama. Mwanagenzi wa Marekani hulipwa. Wa Kenya, mara nyingi, hujilipia. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, chumba cha kukodi kwa miezi miwili au mitatu, chakula, na buti za mpira. Mwenye shangazi Mombasa huenda Mombasa, na asiye na shangazi huomba nafasi karibu na nyumbani. Hapa ndipo bahari inapogeuka kuwa elimu ya wenye jamaa. Kuwapo kwa Kegati ni nafuu kubwa kwa familia za Kisii na Nyamira, lakini mtu aliyesomea viumbe wa majini na kuhitimu bila kuyaona maji yakipwa amenyimwa kitu, na haifai kujifanya kuwa hakunyimwa.

Gazi na miti tisa

Gazi ni kijiji cha Kwale, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Mombasa. KMFRI ina kituo cha nyanjani hapo, na msitu wa ghuba hiyo ni miongoni mwa misitu ya mikoko iliyochunguzwa sana katika Afrika Mashariki. Mwaka 2013 mradi wa wanajamii wa Gazi na Makongeni uitwao Mikoko Pamoja ulianza kazi ya kuuza hati za kaboni zinazotokana na hekta 117 za msitu huo, na mapato yake yamegharamia maji na mahitaji ya shule vijijini. Hati ya kaboni haiuziki bila vipimo, na vipimo vya namna hiyo ndivyo mwanagenzi anavyofundishwa.

Kwa kawaida hupimwa viwanja vya mraba, mita 10 kwa mita 10. Kila mti uliomo hutajwa jina, hupimwa kimo, na hupimwa kipenyo cha shina katika kimo cha mita 1.3. Mkoko wenyewe huikaidi kanuni hii, kwani mizizi yake ya miguu huweza kuota juu ya kimo hicho. Basi hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Tope hufika magotini. Ratiba nayo haifuati saa ya ukutani. Katika pwani ya Kenya maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua na sehemu za chini za ghuba hazikauki. Mwanagenzi asiyejua bamvua hupanga safari ya Jumatatu kwa kuwa ni Jumatatu, na huambulia kusimama kando ya maji.

Kila mti hutajwa jina. Sentensi hiyo fupi ndiyo kiini cha makala haya. Kenya ina spishi tisa za miti ya mikoko, na Kiswahili cha Pwani hakizichanganyi: mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, msikundazi na kikandaa. Mwanafunzi kutoka bara ana neno moja, mikoko, alilolipata shuleni au redioni. Neno hilo kweli hutumiwa kwa jamii yote ya miti hiyo, lakini mkoko pia ni jina la spishi moja miongoni mwa tisa. Hebu achukuliwe mwanagenzi mwenye hojaji ya Kiingereza anayoitafsiri papo kwa papo mbele ya mzee wa kijiji. Anauliza, "Mzee, nyinyi hapa hukata mikoko?" Mzee anaweza kujibu hapana, naye hasemi uongo, kwa kuwa anachokata kwa ajili ya kujengea ni mikandaa. Hapana hiyo huingia katika jedwali, jedwali huingia katika asilimia, na asilimia huingia katika pendekezo la sera. Hakuna aliyekosea hesabu.

Kinyume chake pia kipo, na hakifai kufichwa kwa mapenzi ya lugha. Jina kikandaa linamfanya msikilizaji adhani kuwa mti huo ni mkandaa mdogo. Kwa mtaalamu wa mimea, miti hiyo ni ya familia mbili tofauti kabisa. Walioupa mti jina hilo waliangalia umbo, matumizi au mahali unapoota, si ua wala tunda kama afanyavyo mwanasayansi. Kwa hiyo jina la kienyeji si badala ya jina la Kilatini. Ni taarifa ya pili juu ya mti ule ule. Mwanagenzi makini huandika yote mawili, kisha huuliza kwa nini mti uliitwa hivyo, na jibu la swali hilo wakati mwingine huwa na ikolojia ndani yake.

Katika banda la samaki mambo ni hayo hayo kwa kasi zaidi. Tafi, changu, pono, kolekole na pweza hushushwa kwa wakati mmoja, mchuuzi ana haraka, na mwanagenzi ana mizani moja. Lazima aandike pia chombo na zana: mtumbwi au dau, mshipi, malema, jarife. Juya lina taabu yake, maana nyavu za kukokota ufuoni zimepigwa marufuku kisheria nchini Kenya. Anayelitaja juya katika swali lake la kwanza atapewa ukimya katika maswali yote yanayofuata. Adabu hapa ni sehemu ya mbinu ya utafiti. Kupiga hodi, kumwamkia mzee shikamoo na kungoja marahaba, kusema "naomba" pale ambapo kijana wa mjini angesema "nipe": mambo haya hayamo katika mwongozo wa sampuli, na bila hayo sampuli haipatikani. Ikumbukwe pia kuwa Kiswahili cha fuo hizi si kimoja. Mombasa ni Kimvita. Vanga na Wasini ni Kivumba. Na katika sehemu kubwa ya Kwale lugha ya nyumbani ni Kidigo, ambacho kina majina yake ya miti na samaki.

Wawili wa bweni moja

Inafaa sasa kurudi Kisii. Katika bweni moja wanaweza kuishi wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu. Wa kwanza anasoma fasihi ya Kiswahili. Amekutana na Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, na ametunga orodha ya misamiati migumu: bamvua, demani, matlai, kusi. Anajua maana ya kamusi ya kila neno na anaweza kulitumia katika mtihani. Hajawahi kuona bamvua. Wa pili anasoma sayansi za majini. Amekaa wiki 10 Gazi, bamvua limemlowesha hadi kiunoni, na katika daftari lake ameliandika kwa istilahi ya Kiingereza tu, kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa. Daftari la mmoja lina maneno yasiyo na bahari. La mwingine lina bahari isiyo na maneno.

Hasara ya mpango huu huonekana pande zote mbili. Katika leksikografia, fafanuzi nyingi za majina ya viumbe wa Pwani katika kamusi zetu huishia kwenye "aina ya mti" au "aina ya samaki". Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikusudiwa madarasa ya sayansi kwa jumla, na si haki kuidai iwe kamusi ya bahari. Wakati huo huo ripoti za wanagenzi hujaza safu ya "majina ya kienyeji" kwa tahajia ya kubahatisha, kisha hufungiwa katika kabati la idara. Mtu aliyetaja majina hayo, akiwa amesimama na kapu lake la pweza, hafiki kuisoma ripoti, kwa kuwa iko mbali naye na kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tanzu za kitamaduni ya mwaka 2016 nayo inayatambua maarifa kama haya kuwa mali ya jamii iliyoyatunza. Ni vigumu kuona namna jamii itakavyoidai mali hiyo ikiwa haijui kilichoandikwa juu yake.

Kinachowezekana si kikubwa. Idara ya Kiswahili inaweza kuwapa wanafunzi wa sayansi za majini, kabla ya Mei, mafunzo ya saa chache juu ya majira, maji, miti na adabu za mazungumzo, na kuzipitia hojaji zao kabla hazijafika ufuoni. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kwenda pamoja na mwenzake wa sayansi: mmoja anapima kipenyo, mwingine anaandika jina, matamshi, sababu ya jina na jina la Kidigo. Gharama ya chumba hugawanyika mara mbili, jambo ambalo wanafunzi wa Kisii na Nyamira hawatalipuuza. Kegati pia pana kazi ya aina hiyo: mkulima wa Nyamira anayeeleza kwa Ekegusii mbona maji ya bwawa lake yamegeuka rangi anahitaji mtu wa kuyaandika maelezo hayo kabla ya kuyatafsiri.

Pingamizi litakuwa kwamba mwanasayansi mchanga ana mengi ya kujifunza katika wiki 10, na kumwongezea lugha ni kumtwika gunia juu ya gunia. Pingamizi hilo lina uzito ikiwa lugha inahesabiwa kuwa pambo la ripoti. Kwa aliyekwisha kuona hapana ya yule mzee ikigeuka asilimia, hilo si gunia la pili. Ni sehemu ya mizani.

Likabaki suala la nani asahihishe jedwali la majina likiisha kutungwa. Wahadhiri wa Kisii wanaweza kusahihisha tahajia na ngeli. Kuhusu kama mti uliopigwa picha ni muia au mkandaa, au kama tafi wa Gazi ndiye tafi wa Vanga, jedwali itabidi lipande basi tena, lipite Nairobi na Mombasa, na kusomwa kwa sauti katika banda la samaki siku ya maji mafu, wavuvi wakiwa na nafasi ya kusikiliza.